Tukifunga Chumba cha Simu

Chuo Kikuu, Dar es Salaam
6 Juni 2005

Komredi wangu wa mapambano, Shangazi Rahabu,

Shikamoo. Natumaini kifua kimetulia licha ya baridi ya Lushoto. Mimi sijambo, ila mitihani imenichosha.

Nimesikia kampuni inawaachisha kazi waunganisha simu wote, ilete mtambo mpya. Msisaini barua zao za kuacha kazi! Sauti za milima yote zimepita mikononi mwenu. Huu ni unyang'anyi uliovaa tai. Fungeni chumba, mkae na funguo, tuone nani atazungumza na nani!

Mwanao,
Benjamini

Lushoto
17 Juni 2005

Mwanangu Benjamini,

Marahaba. Kifua bado kinanisumbua, lakini kazini nafika. Mama yako anakusalimu, kabichi zimekubali.

Wenzangu wameafiki kufunga. Ila tueleze huo mtambo unafanyaje kazi, tujue tunapigana na nini. Sisi mtu wa Bumbuli akifiwa, simu ya msiba tunaitanguliza, wengine wangoje. Mtambo wenyewe unajua msiba?

Shangazi yako,
Rahabu

Dar es Salaam
27 Juni 2005

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa kifua. Wasomee wenzako haya.

Wapiganaji! Kwenye ubao wenu wa kuunganishia simu, wasemaji wawili hushikiliwa njia moja mpaka waweke simu chini. Mtambo mpya umetenganisha akili na njia. Akili ni programu ndani ya kompyuta iliyoko huku Dar: hupokea namba, hutafuta anayepigiwa yuko wapi, huviambia vifaa vya pande mbili vikutane, kisha hukaa kando. Sauti hukatwa vipande vidogo, kila kimoja na anwani yake, vikapita kwenye intaneti na kuungwa upya mwisho wa safari. Programu hiyo moja huhudumia Lushoto, Mombo na Mnazi kwa pamoja. Wakitaka kubadili utaratibu, hubadili maandishi ya programu, waya hawaugusi. Msiba haiujui, mpaka mtu aiandikie amri ya kuutanguliza, na hakuna aliyetumwa kuiandika. Huo ndio udhalimu! Simameni imara!

Mwanao,
Benjamini

Lushoto
11 Julai 2005

Mwanangu,

Marahaba. Nyumbani hawajambo. Nimekawia kujibu, unisamehe.

Barua yako niliwasomea mbele ya ubao, kwa sauti. Umeeleza vizuri mno. Mzee Hamza akauliza, "Sasa Rahabu, kama akili yenyewe iko Dar, tukifunga chumba, tutakuwa tumemfungia nani?"

"Sisi wenyewe, na bila chai," Sharifa akadakia.

Tukacheka. Alasiri tukasaini, wote.

Usijilaumu, wala usituandikie tena ya kututia moyo. Tumechoka, baba. Tunakutana kituoni kukabidhi funguo Jumamosi ya tarehe 23, saa nne asubuhi. Ukiweza, njoo ukae nasi. Hotuba iache hukohuko.

Shangazi yako,
Rahabu