Mwaliko Hauandikwi

Khuwair ya Kusini,
Maskati.
Ijumaa, 12 Februari 1999

Mpendwa Shangazi Mahbuba,

Assalaamu alaykum, na shikamoo mbili, moja yangu na moja ya mdogo wangu Noof, aliyekataa kuamka. Hujambo? Goti limepoa? Ile dawa ya kuchua aliyokuletea Baba unaitumia, au umeifungia kabatini kama ile ya mwanzo? Sisi wazima, alhamdulillahi. Baridi imetuingia kidogo, na Bibi analala na soksi.

Shangazi, nna habari kubwa! Chuo kimetukubalia jioni ya Kiswahili! Wasichana watupu, ukumbi mkubwa, Alkhamisi ya tarehe nne Machi. Tangu mwaka wa kwanza naomba, na huu ndio mwaka wangu wa mwisho. Ningeikosa jioni hii ningeondoka na kinyongo. Tutapika, tutavaa kanga, na tutacheza ngoma ya lelemama aliyotufundisha Bibi mwenyewe hapa sebuleni, meza tumeisukuma ukutani.

Ila sharti lipo. Ustadha Khawla, anayesimamia shughuli za wanafunzi, anataka kila msichana aje na mama yake. Kinamama wasipokuja, ukumbi hatupewi. Mimi nikacheka. Mama wa Kizanzibari akatae shughuli?

Basi nikatengeneza kadi. Nzuri wallahi, za kompyuta, na ua la asumini pembeni. Nikawapa wenzangu wawapelekee mama zao, nikangoja majibu. Huyu ana wageni, yule kichwa kinamuuma, mwengine anajibu inshallah ile ya kukataa, unaijua. Ustadha naye kila akiniona kwenye ngazi ananiuliza wangapi wamekubali. Nililia, Shangazi, sikufichi. Nilidhani kinamama wa huku wanaona haya na mambo yetu.

Bibi aliponiona macho mekundu akaitaka ile kadi. Akaigeuza mbele na nyuma, akauliza nani aliyekwenda kualika. Nikamwambia si hiyo hapo kadi, Bibi. Lo! Alivyonitazama! Kwani mimi nimelelewa wapi, shughuli ya wanawake watu wakaalikwa kwa karatasi, tena wakaletewa na watoto wao wenyewe? Mama gani mwenye heshima zake atajipeleka pahala ambapo hakuendewa mlangoni? Kumbe wote walikuwa wamenuna, na hakuna aliyesema.

Siku ya pili yake alivaa baibui lake la kamba, lile la zamani, akajifukiza udi, akamchukua Bi Hasina jirani yetu wa juu, na mimi nyuma yao. Kaka Thabit akatuendesha. Shangazi, ungemwona mama yako! Yeye anayelalamikia ngazi za kwetu, kule mtaa wa Sidab aliingia nyumba hii akitoka hii, sisi wengine tunahema. Kila mlango hodi, anakaa, anauliza hali, anakunywa kahawa, ndipo anatamka: "Tumekuja kukualikeni. Shughuli ya mjukuu wangu Muhsina, na mwenye shughuli ni mimi."

Basi walewale wenye wageni na vichwa, wote wamepona! Mmoja kamkumbatia Bibi akaangua kilio, kumbe walikaa mtaa mmoja Kikwajuni, huko kwenu Unguja. Ilibidi tuwatenganishe ili tuwahi nyumba nyengine.

Na vituko havikukosa. Nna rafiki Mkenya, Rachael, mama yake Phyllis ni muuguzi. Alipofungua mlango akatukuta wanawake watatu tumesimama na mabaibui, alijishika kichwa. "Nani amekufa? Niambieni tu pole pole!" Tulipomweleza alicheka mpaka akakaa chini. Anakuja, na chapati juu.

Jana nikapeleka habari kwa Ustadha Khawla. Ukumbi ni wetu, Shangazi, wetu! Halafu akajikohoza, akauliza mbona yeye hajaalikwa. Mwanamke na digrii zake! Bibi anakwenda kwake kesho.

Limebaki moja tu. Upatu, ile sahani ya shaba ya kupigia ngoma, tumempa Rachael apige. Mungu amhifadhi, nguvu anazo, lakini anaupiga kama anayefukuza paka jikoni. Bibi kila akimsikia anashusha pumzi na kukutaja wewe, mpigaji wake wa zamani. Tangu alipohamia huku hajakuona, nawe unajua hasemi. Ila juzi nimemkuta peke yake anausugua ule upatu kwa ndimu, na ulikuwa uking'ara tayari.

Nisalimie Jaifar na mkewe, na Bi Shariffa wa ng'ambo ya njia. Baba, Mama na Thabit wanakusalimu sana.

Barua hii nampa Bi Hasina, anakuja Unguja Jumapili. Ukiitikisa bahasha haitaanguka kadi, wala mimi siandiki hapa neno la kukualika. Bibi kanikataza katakata. Amemkalisha Bi Hasina kitako, akampa maneno yake, akayarudia mpaka sauti ikamkatika. Kwa hiyo mkaribishe ndani, mtilie kahawa, umwache aseme yeye. Akishamaliza, mwambie akupe na tikiti ya ndege. Baba keshaikata.

Mola akupe afya, na goti hilo alilainishe upesi.

Mtoto wako akupendaye, tena akungojeaye,
Muhsina