Visanduku Vitatu na Ukuta wa Chumbani

Jumatatu, 3 Julai

Jagoda kapiga simu kutoka Adelaide. Nimetoka nje kuongea naye, koti juu ya gauni la kulalia, maana humu kilimani simu haishiki. Miaka thelathini na nane tunaishi ndani ya mwamba, vyumba sita vya kuchongwa, na waifai inaishia jikoni. Zamani haikunisumbua. Lakini Mei nilianguka bafuni, nikalala sakafuni saa nzima nikimwita Vukasin. Mume wangu yuko jikoni na redio yake, hana habari! Leo binti yangu kasema wazi: ama kila chumba kiwe na kitu cha kuitia msaada, ama mwisho wa mwezi anakuja kunihamishia kwake. Ghorofa ya nne. Madirisha kila upande! Nitalalaje na jua lote lile?

Jumatano, 5 Julai

Nimeuliza dukani. Kuna visanduku vitatu vinavyopokezana waifai chumba hadi chumba, na spika ndogo za kuongea nazo. Ukisema nisaidie, zinapiga simu zenyewe. Bei — siiandiki. Nimemwambia Vukasin akiwa anakunywa supu. Hataki. Eti kitu chenye masikio, kiwekwe nyumbani kwa mchimba opali, mawe ya thamani? Mtu huyu lile jiwe kubwa la mwaka 1991 hakuniambia hata mimi mkewe. Mimi niliona gari jipya tu mlangoni.

Jumamosi, 8 Julai

Thanasis, jirani yetu wa upande wa pili wa ukuta wa chumbani, kaja kunywa kahawa. Alikuwa fundi wa simu kabla opali haijamchanganya akili. Anasema kwa mwamba huu visanduku peke yake ni kazi bure, lazima litobolewe tundu la waya kutoka jikoni hadi chumba chetu cha kulala. Akajitolea. Vukasin nusura apaliwe. Thanasis, aguse ukuta wake?

Thanasis ana vyumba kumi na moja na anaishi peke yake. Hapa mjini kuchimba opali ni marufuku, kupanua nyumba ruksa. Kila mwaka maskini anahitaji kabati jipya la kuchonga ukutani.

Vukasin kasema atatoboa mwenyewe. Kwangu hiyo ni ndiyo. Nimeagiza.

Jumanne, 11 Julai

Tundu lilitakiwa kuwa la upana wa kidole. Kaanza saa mbili asubuhi. Saa tano mashine ikanyamaza. Nikaita — kimya. Nikaenda na mkongojo wangu. Yuko magotini, tochi mkononi, analamba ukuta.

"Mama Jagoda," kasema polepole, "funga mlango."

Mstari wa opali, kijani na nyekundu, urefu wa mkono, uking'aa pale alipoulowesha kwa ulimi. Nimefurahi, siwezi kusema uongo. Kisha akasema basi, hakuna waya, hakuna waifai, mtu asikanyage chumbani. Na mimi nikianguka tena? Kasema niite kwa nguvu zaidi.

Nimelia mbele yake. Kaendelea kulamba ukuta.

Alhamisi, 13 Julai

Mzigo umefika. Tunalala sebuleni, kitanda chetu kimefunikwa vumbi. Shimo sasa linamtosha mbuzi.

Nimemwambia hivi: Jagoda akija atakagua kila chumba. Chagua, akute spika au akute shimo. Kakubali kabla sijamaliza sentensi! Ila kwa masharti. Waya ataupitisha mwenyewe, shimo litafunikwa na zulia la marehemu mama yake, na Thanasis asivuke jikoni.

Jumamosi, 15 Julai

Imefungwa! Thanasis alifanya kazi yake yote akiwa jikoni, Vukasin chumbani analinda zulia. Nikasema nisaidie. Simu ikalia Adelaide, Jagoda akapokea, akasema, "Basi, Mama. Baki kwako." Nimemshika Thanasis mkono mpaka akaona haya.

Nikamimina kahawa. Vukasin akauliza kwa kelele kutoka chumbani jinsi ya kuziba masikio ya spika. Thanasis akamjibu kwa kelele vilevile: kitufe kidogo cha pembeni ndicho kinaziba, kile kikubwa cha juu kinapeleka sauti nyumba nzima. Vukasin siku zote husikia nusu.

Tukawa tunakunywa. Mara spika iliyo juu ya friji ikaanza kuongea kwa sauti ya mume wangu — sauti ambayo sijaisikia tangu uchumba.

"Njoo kwa baba, mrembo. Mita nzima na bado unakwenda. Unaelekea kwa yule mbwa Thanasis, na mwenyewe yuko pale anakunywa kahawa yangu."

Thanasis akaweka kikombe mezani taratibu.

"Inasikika vizuri sana, shemeji," kasema. Akaaga. Eti amekumbuka anahitaji kabati.

Hiyo ilikuwa saa nane mchana. Sasa ni saa kumi, naandika hapa jikoni. Kwenye spika nasikia mashine ya Vukasin. Inanyamaza, na nyuma yake nasikia nyingine, ndani kabisa ya mwamba. Hajui bado. Nikimwambia amejuaje Thanasis, spika hii itang'olewa kabla ya chakula cha jioni, na Jagoda atakuja na masanduku.

"Mama Jagoda," Vukasin anaita kutoka chumbani, na spika inamrudia, "hivi unasikia mlio wowote huko?"

Nasikia vizuri sana. Kila chumba.

Anauliza tena.