Kwa Nini Sikati Simu

Njeri wangu,

Natumai baridi ya huko haijakushinda. Hapa Mutuini tuko salama. Ng'ombe amezaa, na wapangaji wapya hunisalimia wakikimbilia kazini.

Uliniuliza kwa nini tukishaagana sikati simu.

Nilipoanza kazi mjini nikiwa msichana, tulipanga foleni kwenye kibanda cha simu. Kijijini kwetu simu ilikuwa moja tu, dukani. Jumapili moja nikapiga, mwenye duka akaniambia, "Ngoja nimwite mamako." Akaiweka simu juu ya kaunta. Nikasikia kuku, mlango, watu wakibishana bei ya sukari, kisha sauti ya mama kutoka mbali: "Mwambie asikate!" Kabla hajafika, shilingi yangu ikaisha na laini ikakatika. Mtu wa nyuma yangu akagonga kioo, "Dada, bado?" Nilitoka nikitabasamu, kana kwamba nimetoka nyumbani.

Siku hizi nyumba hii ni mimi na saa ya ukutani. Kwa hivyo tukimaliza kuongea, usikate. Iache simu hapo mezani, uendelee kuosha vyombo.

Nyanya yako, Shosho