Mgeni Subiri, Mwenyeji Apite

Jumatatu, 3 Juni

Kapewa geti! Mwanangu kapewa geti zima la bustani ya bembea! Mkuu wa geti! Kuanzia leo asubuhi!

Haya, sasa salamu. Daftari, hujambo? Samahani nimekuvamia. Kalamu hii inatoa wino inapojisikia.

Alipiga simu ndiyo kwanza nachomeka pasi. Kasema, Mama, wamenipandisha. Nikauliza wamekupandisha wapi, maana kule kila kitu kinapanda, bembea zinapanda, treni inapanda. Akacheka mpaka akakohoa. Kumbe cheo! Kofia ya bluu, redio kiunoni, watu sita chini yake. Huyu huyu Ngazi wangu, tuliyempa jina hilo kwa urefu tangu darasa la nne, ambaye mwalimu alisema ni mzito kidogo. Mzito! Sasa mji mzima, tajiri kwa maskini, hauingii kucheza mpaka mzito aseme piteni.

Wateja wote nimewaambia. Mmoja alifuata suruali tu, kaondoka na suruali na habari kamili.

Jumanne, 4 Juni

Tunakwenda kumwona. Nimeamua. Watoto wako likizo na mimi pasi yangu haitakufa nikiiacha siku mbili.

Hesabu ya watu: mimi, mama yangu, kaka yangu Injinia (anatengeneza redio, lakini usimwambie kwamba hizo ni redio tu), mke wake, yaani wifi yangu, watoto wao watatu, na wadogo zake Ngazi wawili. Tisa.

Mama hataki bembea. Kasema yeye kupanda kwake ni ngazi za zahanati, zinamtosha. Anataka kumwona mjukuu na kofia. Kamlea yule miaka minane wakati mimi nafua nguo za hoteli. Ana haki ya kuiona kofia.

Wifi kauliza kama nina uhakika tutaingia. Huyu kila kitu ana mashaka nacho. Ukimwambia kumekucha anachungulia kwanza nje.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekasirika mpaka nimekosea njia ya kurudi nyumbani!

Nilikwenda steshenari kwenye kompyuta. Siku hizi huendi tu getini ukakata tiketi – lazima ujiandikishe mtandaoni. Sawa. Binti wa steshenari akafungua fomu. Swali la kwanza: mkazi au mgeni? Nikasema mgeni, binti yangu, si unajua tunakaa huku. Akabonyeza. Yakashuka masharti marefu kama kamba ya kuanikia nguo.

Mkazi wa mji: aingie siku yoyote ya mwezi, saa yoyote. Akitaka aamke, anywe chai, alale tena, ndipo aende.

Mgeni: ajiandikishe siku kumi kabla. Siku moja tu, aliyoichagua. Aingie kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi. Saa tatu na dakika moja tiketi imekufa! Haibadilishwi, hairudishwi, hapewi mtu mwingine hata mliyezaliwa naye tumbo moja. Na asije na mzigo, hakuna pa kuuweka.

Basi la kwanza kutoka huku linafika kule saa tano. Hapo ni likiwa na afya njema!

Nikamuuliza binti, hii kaitunga nani? Anayekaa hatua mia kutoka getini afike anapotaka, anayetoka mbali ndiye amwahi jogoo? Na mgeni asiye na mzigo ni mgeni gani? Huyo ni mpita njia! Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawa wanasema mgeni subiri, mwenyeji apite!

Binti kasema, mama, mimi nabonyeza tu.

Nikampigia Ngazi. Nikamwambia si wewe mkuu, ifute hiyo sheria leo leo. Kasema, Mama, mimi mkuu wa geti, si mkuu wa sheria, na hapa nina foleni. Kakata. Foleni! Ya wakazi, bila shaka, waliokwisha kunywa chai.

Jumamosi, 8 Juni

Dawa nimeipata. Sikuihangaikia hata, imenijia nikiwa kwenye kola ya shati.

Nimerudi steshenari. Mkazi au mgeni? Mkazi! Anwani? Nikataja ya Ngazi: nyumba ya tatu nyuma ya kiwanda cha magodoro, chumba namba nne. Sikudanganya. Godoro la chumba kile nilibeba mimi na Injinia, begani, ngazi tatu. Pazia nilinyoosha kwa mkono wangu. Alipo mtoto ndipo kwa mama yake, au sasa tunahitaji barua ya serikali kulijua hilo? Nikawaandika wote tisa.

Binti kauliza, mama, wote mnakaa chumba kimoja?

Nikamwambia, tunapendana.

Kitambulisho kinaonyeshwa getini. Na getini yupo nani? Hahaa!

Jumapili, 9 Juni

Leo nimewagawia karatasi za tiketi, kila mtu na yake. Watoto wameruka mpaka jirani akagonga ukuta. Wifi kaisoma karatasi mbele, kaigeuza, kasoma na nyuma ambako hakuna kitu. Kasema, "Wifi, hapa imeandikwa sisi wakazi. Wakituuliza?"

Wateja wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi wananisikiliza. Nikasema, watamuuliza nani, mama wa geti? Kama unaogopa, wewe baki, kila msafara unahitaji mtu wa kulinda nyumba. Tena nyumba yenyewe ndiyo kazi pekee niliyoona unaiweza.

Wateja wakacheka. Injinia kaangalia viatu vyake. Wifi kaikunja karatasi mara nne, kaiweka juu ya meza yangu, kaondoka.

Aende. Ulimi wangu ndivyo ulivyo, una miguu kuliko mimi.

Jumanne, 11 Juni

Nimeunguza kola ya mwalimu mkuu.

Simu ililia saa nne. Ngazi. Sauti ndogo, ile ya utotoni akivunja kitu. Lakini leo hakuvunja yeye. Kasema, "Mama, kuna watu tisa wanakaa chumbani kwangu?"

Nikacheka. Nikasema ndiyo, wakazi wazuri, hawapigi kelele. Hakucheka.

Kumbe kule kompyuta inahesabu. Watu tisa, chumba kimoja, na chumba chenyewe cha mkuu wa geti! Meneja kamwita ofisini, karatasi mezani. Mwaka jana walimfukuza mtu wa tiketi kwa mchezo huo huo, alikuwa anawaazima wageni anwani yake ili wapite kama wakazi, naye anapokea chake pembeni. Sasa wanadhani na mwanangu anauza chumba chake!

Mwanangu! Ambaye aliwahi kurudisha kifungo alichokiokota njiani!

Nikamwambia mpe meneja simu, nimwelezee mimi. Kasema hapana Mama. Nikamwambia basi tutakuja hivyo hivyo, utupitishe tu, nani atajua. Halafu kasema, taratibu kabisa, "Mkija na karatasi zile nitawarudisha. Mbele ya watu. Hata Bibi."

Namjua. Atanirudisha. Nani kamfundisha? Mimi!

Ndipo nikasikia harufu. Kola imekuwa kahawia, umbo kamili la pasi.

Jumatano, 12 Juni

Kaenda mwenyewe kwa meneja kabla hajaitwa tena. Kasema ukweli wote: ni mama yangu, alikasirika, aliandika. Anasema hakuniita mjinga. Kasema "hakuielewa fomu". Niliielewa sana! Lakini hilo nimemwachia.

Meneja kafuta tiketi za ukazi. Kasema hivi: kama kweli ni ndugu, waje kama wageni, majina yale yale tisa, siku yao, saa yao, na vitambulisho vyao. Atasimama getini mwenyewe awahesabu. Wakiwa tisa, yataisha. Wakipungua, atajua majina hayo yalikuwa ya wateja, na kofia irudi stoo.

Zile siku kumi zinahesabiwa kuanzia leo. Ngazi katuandikisha mwenyewe. Jumamosi ya tarehe 22, saa mbili mpaka saa tatu.

Wanawalazimisha wageni wathibitishe wao ni ndugu! Mwenyeji wao wa huko nani kamuuliza baba yake ni nani? Nimesema hivyo kwa sauti, peke yangu, kwa shati la mwalimu mkuu.

Halafu nikahesabu vidole. Tisa. Wa tisa ni wifi.

Ijumaa, 14 Juni

Injinia kamwambia mke wake aje. Jibu: yeye ni mlinzi wa nyumba, hana ruhusa ya kuacha lindo.

Jumatatu, 17 Juni

Mpango wa kulala: tunaondoka Ijumaa kwa basi la asubuhi, tunafika mchana, tunalala kwa Ngazi, wote. Mama kitandani na watoto wadogo. Sisi godoro la chini na mikeka. Injinia mlangoni, kichwa ndani, miguu barazani. Mizigo inabaki chumbani, maana getini ni marufuku. Kwa hiyo usiku ule tutakuwa watu kumi kwenye chumba namba nne – ule uongo wangu, na mmoja wa nyongeza!

Mama kacheka mpaka akajifuta macho. Kasema, "Uliandika kwanza, halafu ndiyo unahamia. Kwani huko shule uliishia wapi?" Halafu kaacha kucheka. Kasema, "Umeshakwenda kwa mke wa kaka yako?"

Nimesema nimemtuma Injinia.

Kasema, "Tusi ulilipeleka mwenyewe. Radhi unatuma mtu?"

Nina hasira na bustani, nina hasira na meneja, nina hasira na kompyuta yao. Basi la saa tano lingekuwa la saa moja, haya yote yasingekuwepo. Wangeandika tu, anayetoka mbali apokewe anapofika. Maneno matatu! Manne, ukihesabu vizuri.

Lakini kompyuta haikumtukana wifi mbele ya wateja.

Jumatano, 19 Juni

Nimekwenda.

Alikuwa anachambua mchele uani, hakusimama. Nikaamkia, akaitikia kwa pua. Nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani, yote yakanikimbia. Nikaanza na bustani na masharti yao, na saa mbili yao, na –

Kasema, "Wifi. Umekuja kuilalamikia bustani?"

Nikasema hapana.

"Basi?"

Nikasema siku ile nilisema vibaya. Mbele ya watu. Nikasema kazi yake ya nyumba siioni ndogo, kaka yangu hajawahi kutoka nje na shati chafu tangu amwoe, na mimi najua mashati. Nikasema na tiketi aliisoma vizuri kuliko mimi niliyeinunua.

Akaendelea kuchambua. Kokoto, kokoto, kokoto. Kisha kauliza kama Ngazi amekula leo, maana hizo kazi za kusimama zinasahaulisha. Nikasema sijui. Kasema, "Unajua kofia yake rangi gani, hujui kama amekula."

Hakusema anakuja. Hakusema haji. Sikuomba mara ya pili. Nilitaka, lakini kuna kuomba na kuna kukaba.

Jioni nimempigia Ngazi. Hajala tangu asubuhi. Kauliza, Mama, mko wangapi? Nikasema tisa. Sauti yangu ikatoka imara kabisa. Daftari, wewe peke yako unajua: wanane.

Alhamisi, 20 Juni

Mabegi mawili tayari. Watoto wameoga bila kukimbizwa, jambo ambalo nalo ni la kuandikwa. Mama kauliza mara tatu ile kofia ina ukingo au haina.

Nafikiria yule meneja na kidole chake. Moja, mbili, tatu. Nafikiria mwanangu amesimama pembeni, mrefu vile, hana pa kujificha. Atafika nane, halafu atatazama nyuma yetu. Mimi nitatazama wapi? Miaka mingapi nasema mwanangu, mwanangu, mpaka wateja wamechoka, na mtu wa kumvua kofia niwe mimi!

Na bado nasema sheria yao ni mbaya. Nitaisema hata nikiwa ndani ya bembea. Kama tutaingia.

Saa kumi na moja hivi, nazima pasi, wifi kaingia. Hakuamkia. Kafungua mfuko wa plastiki, katoa gauni la kijani, lile la harusi ya mdogo wake, na magauni mawili ya watoto. Kayaweka mezani palepale alipoiacha tiketi. Kasema mikono isiwe na mstari, mara ya mwisho niliweka mstari.

Nikachomeka pasi tena. Sikuweza kumtazama. Nikauliza kama ninavyomuuliza mteja yeyote: unayataka lini?

Kasema, "Kwani basi linaondoka lini, mama wa geti? Kesho. Na tuwe tumesimama hapo, wote tisa, saa mbili kasoro, Jumamosi."