Tulivyokusanyika kwenye mpapai

Nyasubi, Jumamosi

Sijui nicheke au nilie. Leo jumuiya yetu ya kanisa ilisali kwetu kwa mara ya kwanza tangu mgodi umpunguze kazini mume wangu tukahama Bugarama. Wakamwomba afungue kwa sala. Baba Neema wangu akasimama na kofia yake ngumu ya kazini, akaanza kutoa maelekezo ya usalama, kama walivyozoea kule mgodini kila asubuhi!

"Mlango wa dharura ni wa jikoni. Kukitokea hatari, tunakusanyika kwenye mpapai."

Nilitamani ardhi inimeze.

Mama Kulwa, mwenyekiti wetu, akauliza bila hata kutabasamu, "Na sisi wenye magoti mabovu?"

"Mtatangulia."

Eti tukafanya na zoezi! Watu wazima kumi na wawili, rozari mkononi, mbio hadi kwenye mpapai. Akatuhesabu. Kazini, akishahesabu, alikuwa anatoa ripoti kwa mkubwa wake. Sasa mkubwa yuko wapi? Akatazama juu.

"Mungu, wote wapo salama. Mimi tu sina uhakika."

Miezi mitatu alikuwa hajasali, mume wangu.

Tukapiga magoti palepale mchangani. Mama Kulwa wa kwanza.