Kura ya Visima na Benchi la Katikati

Barabara ya Juniper,
Tolliver, Oregon.
Jumapili, 18 Oktoba.

Mpendwa Maren, mtoto wa ndugu yangu,

Hujambo mwanangu? Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Sapporo, na kwamba kile kikohozi kimekwisha kukuachia. Wanafunzi wako wanaendeleaje? Mimi sijambo, ila goti la kushoto limeanza kutabiri baridi kabla ya redio. Baba yako mwili wake hauna neno. Kinachochemka ni moyo, na ndiyo sababu ya barua hii.

Nianze na ukweli: nimetumwa. Baba yako alikuja Ijumaa asubuhi, akakataa kahawa, jambo ambalo nadhani hujapata kumwona akilifanya. Akasema, "Dada, Maren ametumiwa karatasi yake ya kura huko Japani. Mwandikie wewe, wewe anakusikiliza. Mwambie apige hapana kwenye visima." Nikamwuliza kwa nini asimwandikie binti yake mwenyewe, mikono yake ina nini. Akajibu, "Akijua ni mimi ninayetaka, atafanya kinyume." Sikumbishia, maana nakujua.

Kile kitabu kinachoeleza mapendekezo ya kura nimekisoma chote, penseli mkononi. Pendekezo la kuruhusu pombe kali iuzwe kwenye maduka ya vyakula nimelipigia hapana, kwa sababu Lonnie Pruitt wa duka la chakula cha mifugo anaipata ya kutosha bila kusaidiwa. Lile la wabunge kupangiwa mishahara na tume nimelipigia ndiyo. Sisi hupangiwa bei ya majani yetu ya mifugo na watu tusiowajua, nao waonje. Hayo hayakunisumbua. Lililonikaa kooni ni la visima.

Likipita, kila kisima kirefu cha shamba kitafungiwa mita, na mabonde ambayo maji ya ardhini yameshuka, kama letu, yatapunguziwa maji ya kuvuta mwaka hadi mwaka mpaka theluthi nzima iondoke. Visima vya nyumbani havitaguswa. Unajua shamba la baba yako: bila yale mabomba ya kunyunyizia yenye magurudumu hakuna jani linaloota. Na majani yangu mimi yananyweshwa na kisima chake hichohicho, na ni yeye anayenikatia na kunifungia marobota. Kwa hiyo usidhani shangazi yako anakata shauri juu ya riziki ya mtu mwingine.

Mji umejaa mabango. Kila ua una lake isipokuwa wangu, na hilo linawakera watu kuliko bango lolote. Alikuja kijana mmoja kutoka Portland, viatu visafi, akaniambia wakulima ni walafi wanaokausha bonde. Nikamwuliza amekula nini asubuhi. "Mtindi, mama." Nikamwambia ng'ombe aliyemtolea mtindi alikula majani, na majani yalikunywa maji, sasa mlafi ni nani? Akaniachia bango la NDIYO akaondoka. Kesho yake Lonnie akaniletea la HAPANA. Yote mawili nimezibia matundu ya banda. Kuku wangu sasa wana msimamo wa pande zote.

Alhamisi ilikuwa chakula cha jioni cha ukumbi wa wakulima, kile cha kila mwaka wa uchaguzi. Wanaosema ndiyo wakakaa dirishani, wanaosema hapana upande wa jiko, na ambao hawajaamua benchi la katikati, kama desturi ilivyo. Mwaka huu benchi lote lilikuwa langu peke yangu, mimi na bakuli langu la viazi.

"Dada," baba yako akaniita mbele ya watu, "hilo benchi ni la watoto na wageni. Njoo kwa ndugu zako."

"Nimelipia kiti kwa viazi," nikamjibu. "Niache nikae."

Lonnie akadakia, "Mwacheni Ardis apime! Hata mume alimpima miaka minane!"

"Ndiyo maana nilipata mzuri, Lonnie. Mkeo alipima wiki ngapi?"

Ukumbi ukacheka, mkewe kuliko wote. Ndipo akasimama Graciana Etcheverry, jirani yangu yule mjane wa mfuga kondoo. Miaka yote huleta sufuria la maharagwe na soseji, safari hii alikuja mikono mitupu. Akasema kisima cha nyumba yake kimekauka tangu Julai, na hana hata maji ya kuoshea sufuria, basi tumsamehe. Hakuomba kura ya mtu.

Baba yako akasema, "Achimbe chini zaidi. Sisi tulichimba."

"Verlin," nikasema, "ana miaka themanini."

"Sikusema achimbe kwa mikono, dada."

Watu wakacheka tena. Hata Graciana alicheka, kicheko cha mgeni asiyetaka kuudhi wenyeji. Mimi damu ilinichemka, Maren. Nilitamani nihamie dirishani palepale, nibwage na bakuli. Lakini hasira si hoja, na sikutaka shamba la ndugu yangu lihukumiwe na hasira zangu. Nikabaki kwenye benchi langu. Waliosubiri nihame walisubiri bure.

Ngoja niweke kalamu chini kidogo, Graciana anaingia na gari lake.

Nimerudi. Tangu kisima chake kikauke huja kila Jumapili kujaza mapipa uani kwangu. Leo amejaza la kwanza na la pili, akafika katikati ya la tatu, akafunga bomba na kuanza kukunja mpira. Nikamwuliza vipi.

"Yananitosha."

"Hayakutoshi. Sema ukweli, Graciana."

Akanitazama. "Bomba lako linatema hewa, Ardis. Langu lilianza hivihivi. Miezi mitatu baadaye likanyamaza. Sitaki niwe mimi niliyekumalizia."

Nikafungua bomba mwenyewe. Kweli, lilikohoa kwanza, ndipo maji yakaja. Mwezi mzima nimelisikia la jikoni likikohoa hivyo nikadhani ni kutu. Maji ya kisima changu cha nyumbani yako wapi basi? Yako kwenye majani ya baba yako, na kwenye yangu. Nimesimama pale na mpira mkononi, nikaogopa, sikufichi. Leo ni Graciana, kesho mimi, na kesho kutwa ni Verlin na hicho kisima chake kirefu. Achimbe chini zaidi, kisha achimbe tena, mpaka atokee huko kwako Japani! Nimelijaza lile pipa la tatu mpaka likafurika, Graciana akinigombeza kwa Kibaski, lugha ya kwao.

Kisha nimeingia ndani nikapiga ndiyo. Nimetia sahihi kwenye bahasha, na kesho naipeleka mwenyewe kwenye sanduku la kura la mbele ya ofisi ya wilaya, mchana kweupe, anayetaka kuniona anione.

Nimempigia baba yako simu, maana sikutaka asikie dukani kwa Lonnie. Nikamwambia nimepiga ndiyo. Akasema, "Basi mwakani majani yako ukate kwa kisu cha mkate."

"Nitakata," nikamwambia. "Na Sikukuu ya Shukrani nakuja na pai yangu. Ukinifungia mlango nitaila barazani, majirani wakiona."

Simu hakuikata. Nampenda ndugu yangu, Maren. Nimepiga kura dhidi ya majani yake na dhidi ya majani yangu, na sitamwomba radhi, wala yeye sitamtaka aniombe.

Sasa, alinituma nikuombe hapana. Ombi lake nimelifikisha, na langu silifikishi kwa sababu sina. Shamba hili litakuwa lako siku moja, likiwa na maji au vumbi. Soma kile kitabu mwenyewe. Ukipiga kinyume na mimi, sitakununia hata siku moja. Ukipiga kama mimi kwa kuniogopa, nitakununia mpaka kaburini.

Shangazi Lovisa anakusalimu kutoka nyumba ya wazee, na binamu yako Garth na watoto wake. Graciana anasema uvae soksi za sufu. Mungu akulinde huko ugenini, na asiache mtu yeyote akushike mkono unaposhika kalamu.

Ni mimi, nikupendaye kwa ukaidi wangu wote,
Shangazi yako,
Ardis Tollefson