Nilichoandika kuhusu chupa ya Mwalimu Felista

Jumamosi. Upepo wa Juni umeamka na mji mzima. Hata humu ndani ya intaneti kafe sijavua koti.

"Nyota haitengenezwi ndani ya chupa ya pipi kwa kompresa ya friji la mtumba. Huo ni uchafu wa soko huria ulioingizwa darasani."

Uongo mtupu. Na aliyeuandika ni mimi, hapahapa kwenye blogu hii, wiki tatu zilizopita.

Mwalimu Felista wa fizikia hakusema anatengeneza nyota. Alisema anatengeneza plazma: gesi iliyopigwa umeme hadi chembe zake zikapokonywa elektroni. Jua ni plazma. Radi zinazotupiga huku Ufipa ni plazma. Wataalamu wa ng'ambo hupiga kipande cha bati kwa leza, wakalichunguza wingu dogo linalolipuka ili waelewe nyota iliyopasuka, kwa kuwa mengi hufuata kanuni zilezile, yawe makubwa au madogo. Haya yote nilikuwa nimeyasoma.

Ndiyo aibu yenyewe.

Nilikuwa nagombana na wafanyabiashara wanaotujazia mafriji mabovu. Nilihitaji mfano wa kuchekesha watu. Sikwenda hata kuitazama hiyo chupa.

Wazazi walicheka, kisha wakamwandikia barua mkuu wa shule wakinukuu maneno yangu. Sasa maabara inatiwa kufuli baada ya vipindi, na wasichana wa klabu yake ya sayansi wanarudishwa nyumbani.

Leo nimekwenda kwake. Chupa iko stoo, imezungushiwa wavu wa banda la kuku isije ikapasuka ikaumiza mtu.

"Umekuja kuandika tena, bwana mkubwa, au kutazama?"

"Kutazama, mwalimu."

"Basi funga mlango. Na mdomo."

Kompresa ikanguruma, ikiinyonya hewa kutoka chupani. Akaunganisha koili ya gari, ile inayotoa cheche za plagi. Mwanzoni sikuona kitu. Kisha uzi wa zambarau ukanyooka katikati ya chupa, ukanenepa, ukajaa. Akasogeza sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu. Mwanga wote ukapinda.

"Jua nalo lina sumaku yake," alisema. "Ndiyo inayoikunja ile miali yake mikubwa ya plazma."

"Kumbe ni nyota ndogo kweli!" nikaropoka.

"Nani kakwambia nyota? Nyota uliandika wewe. Mimi nilisema plazma."

 

Nilimwomba radhi. Akasema ameisikia, ila radhi ya stoo haifungui kufuli la shule.

Basi ninyi wazazi wa Kidato cha Tatu mliotia saini ile barua, nawafahamu, na najua mnanisoma: Jumatatu asubuhi nitakuwa mlangoni kwa mkuu wa shule na barua yangu ya kukanusha. Njooni mfute majina yenu. Asiyetaka kufuta, apite kwanza kwa Mwalimu Felista atazame. Amesema mlango uko wazi. Akitoka hapo aje anibishie mimi. Yeye mwacheni afundishe.